Maneno Sita kwa Beseni Moja la Senene

Niseme mapema ili asiyetaka aache kusoma hapa hapa: niliwala. Niliwala senene wa mwenyekiti wa bodi ya shule, kwa mkono wangu, mchana kweupe, wakiwa bado na joto la kikaangio na chumvi imekolea. Sikuwa na njaa, sikudanganywa na rafiki, wala shetani hakunipitia. Watu wengi wamejaribu kunitafutia kisingizio kimoja kati ya hivyo, wengine kwa nia njema kabisa, na wote nimewarudishia visingizio vyao.

Nimezaliwa Nyakakika, katika nyumba ya watu waliokuja kulima mashamba ya wengine. Babu alitoka Rwanda akafikia Nyakatuntu, akawapalilia watu kahawa yao kwa miaka mingi, mpaka baba alipopata kibanja kidogo huku kwetu, migomba michache na nyumba katikati. Watu wa namna yetu tulitakiwa kuishi kwa kunyata, na baba alikuwa bingwa wa kunyata. Hapazi sauti. Hacheki hadi meno ya nyuma yaonekane. Akikaribishwa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, anakunywa kibuyu kimoja, anashukuru, anaondoka wakati wenzake ndiyo kwanza wanaanza kuimba. Nilimpenda sana baba yangu, na tangu mdogo nilijua kwamba sitaweza kufanana naye hata kwa dawa.

Mwaka wa vita na Uganda nilikuwa mtoto. Kila uliposikika mngurumo angani tulikimbilia migombani, na siku moja nililia kwa sauti, bibi akaniziba mdomo kwa kiganja. Nikamng'ata. Hakuna ndege iliyotuona, hakuna aliyekufa, lakini bibi aliisimulia habari ile miaka yote iliyobaki ya uhai wake, akionyesha kidole chenye kovu kama mtu anayeonyesha nishani. Baada ya hapo nikawa na sifa. Kwa Kinyarwanda cha bibi, kwa Kinyambo cha majirani, kwa Kiswahili cha shule, niliambiwa jambo lile lile: mdomo wangu hauna kifuniko, kicheko changu kinavuka mto, nakula kama mtoto wa kiume, nauliza maswali kabla wakubwa hawajamaliza kuketi. Mama mmoja mwenye duka pale Igurwa, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitokea pwani, ndiye aliyenipa neno tamu kuliko yote. Nilikuwa nimepenya mbele ya foleni ya mafuta ya taa. Akanitazama juu ya miwani yake akasema, "Binti huyu hana simile." Nilimuuliza simile ni nini. Akaniambia kwao wachukuzi wa mizigo hupiga kelele "Simile!" ili watu wapishe njia. Basi asiye na simile ni yule anayekupamia bila kukuomba upishe. Nililipenda neno hilo. Nilirudi nyumbani nikilisema peke yangu njia nzima, na mafuta ya taa nusu yakamwagika.

Sasa niwaeleze senene, kwa ajili ya wasiokuwa wa kwetu. Ni wadudu wa kijani, jamii ya panzi, wanaoshuka na mvua za Novemba. Wanawake ndio waliowaokota alfajiri, nyasi zikiwa na umande na senene wakiwa bado wazito kuruka. Wanawake ndio waliowanyonyoa mabawa na miguu, wakawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, wakawatia chumvi. Halafu wanaume wakala. Mwanamke hakuonja. Mume aliyeletewa senene wake alimjibu mkewe kwa kitambaa kipya, kanga au gauni, na mwanamke aliyevaa kitambaa hicho kanisani alitembea kwa madaha kwelikweli. Ukiuliza kwa nini mwanamke haonji, jibu lilikuwa tayari: akila, atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Mimi nimezaa watatu. Mmoja ana masikio makubwa, lakini hayo ni ya baba yake.

Nyumbani kwetu mambo yalikuwa tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifikisha nilikofika. Bibi aliwaona senene kuwa wadudu tu. "Sisi ni watu wa maziwa," alikuwa akisema, ingawa ng'ombe wa mwisho wa ukoo wetu alikufa kabla baba hajaoa. Kwa hiyo mama alikwenda kuwasaidia majirani kunyonyoa, vidole vyake vikawa vya kijani wiki nzima, na akarudi mikono mitupu. Wanyambo wote waliotuzunguka walijua: wale wahamiaji hawali senene. Ilikuwa moja ya habari chache za uhakika walizokuwa nazo juu yetu.

Nilifaulu kwenda sekondari katikati ya miaka ya themanini. Siwezi kueleza kikamilifu hilo lilikuwa nini kwa baba. Majirani walimwambia msichana akisoma sana haolewi, na ndugu zake wa damu wakamwambia kwamba watu kama sisi hawapelekwi shule, wanapelekwa shamba. Baba hakubishana na yeyote. Aliendelea kulima vya wengine asubuhi na vyake jioni, na mimi nikaendelea kusoma. Mara moja tu alinieleza anachotaka. Alisema kila akifika kwenye ofisi yoyote huvua kandambili zake mlangoni, hata kama hakuna aliyemwambia avue, na kwamba alitaka kabla hajafa aone mtoto wake akiingia ofisini na viatu. Hakuwa na hamu nyingine duniani ambayo niliwahi kuisikia.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kiingereza aliyetoka mbali, mtu mwembamba, nadhifu, aliyepiga pasi hata soksi. Yeye pia ndiye alikuwa mwalimu wa nidhamu. Alikuwa na njia yake ya kufundisha. Kila Ijumaa alitupa maana moja, nasi wiki nzima tulipokezana kamusi pekee ya shule tukitafuta maneno yote ya Kiingereza yenye maana ile. Alisema mtu mwenye neno moja kwa kila kitu ni kama mtu mwenye shati moja. Sisi wenye shati moja tulicheka kwa adabu.

Katika wiki ninayoisimulia, nilipokuwa kidato cha nne, maana aliyotupa ilikuwa hii: kukosa kujizuia. Darasa zima liligeuka likanitazama. Nami nikajipangia kuleta maneno mengi kuliko wote, maana kama ni shamba langu basi acha nilime mwenyewe. Nilipata sita, na Ijumaa iliyofuata mwalimu akayaandika ubaoni kwa mwandiko wake wa kulala: unrestrained, unbridled, immoderate, reckless, unchecked, wanton.

La kwanza lilisema tu mtu hajazuiwa. La pili lilikuwa la farasi asiye na hatamu, na katika darasa letu hakuna aliyewahi kumwona farasi, ila mmoja aliyedai alimwona kwenye kalenda. La tatu lilikuwa la kupita kiasi, kama mtu anayejaza ugali kwenye sahani mpaka unapanda. La nne ni la asiyejali hatari. La tano, la kitu kilichoachwa kikaenea, kama magugu katika shamba la mjane. Nilipouliza la sita, mwalimu alikunja uso akasema hilo tusilitafsiri, tulijue tu. Baadaye nilielewa kwamba hilo Waingereza waliwawekea wanawake zaidi.

Nilikaa nikiyatazama yale maneno ubaoni na kuna kitu kiliniudhi, sikujua ni nini. Yote yalikuwa ya kitu kilichokatika. Kamba imekatika, hatamu imekatika, ukingo umebomoka. Hakuna hata moja lililokuwa la mtu aliyekaa, akafikiri, akaenda. Nilinyoosha mkono nikamwuliza mwalimu kama Kiingereza kina neno la hilo. Akasema niketi.

Kesho yake, Jumamosi, bodi ya shule ilikutana. Mwenyekiti wake alikuwa Mnyambo mwenye kahawa nyingi, mtu mkubwa wa sauti kubwa, na kila mtu alijua anavyowapenda senene. Msimu ulikuwa umefika. Tuliamshwa alfajiri, wasichana tisa, tukawaokota kwenye nyasi za uwanja wa mpira mpaka vidole vikafa ganzi, kisha tukaketi nyuma ya jiko tukawanyonyoa hadi jua likapanda. Mpishi akawakaanga. Wakajaa beseni moja la bati, likafunikwa kwa jani la mgomba, wakapelekwa stoo kusubiri mkutano umalizike.

Ndipo likaja suala la ulinzi. Wavulana wa shule ile walikuwa na historia. Mwaka uliotangulia beseni lilifika kwa wageni likiwa nusu. Mwalimu wa nidhamu alisimama akatutazama sisi tisa, mmoja mmoja, kisha akanionyesha mimi kwa chaki.

"Huyu," alisema. "Kwao hawali."

"Na ni msichana," mpishi akaongeza.

"Basi ana kufuli mbili," mwalimu akasema, na wote wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu ilikuwa inachekesha.

Nilikaa stoo na beseni mapajani karibu saa nzima. Nataka hilo lieleweke vizuri: karibu saa nzima. Harufu ilikuwa nzuri, sikatai, lakini harufu ile nilikuwa nimeishi nayo tangu kuzaliwa na haikuwahi kunifanya lolote. Nilichokuwa nikikifikiria ni zile kufuli mbili. Hawakunikabidhi kwa sababu mimi ni mwaminifu. Hakuna aliyesema huyu ni mwaminifu. Walinikabidhi kwa sababu ya bibi yangu na maziwa yake, na kwa sababu ya vichwa vya watoto ambao sijawazaa. Nilimfikiria mama na vidole vyake vya kijani. Nilifikiri, tangu nilipoamka gizani kuokota, mbona hakuna mtu hata mmoja aliyejiuliza kama mimi ningependa? Si kwamba walininyima. Aliyenyimwa angalau amefikiriwa.

Nikafunua jani la mgomba, nikachukua mmoja, nikamtafuna.

Nilisubiri kidogo kuona kama kuna kitu kitachongoka kichwani. Kisha nikachukua wa pili, kisha gao zima la mkono. Sijui niseme nini juu ya utamu ule. Ulikuwa wa mafuta na chumvi na kitu kama karanga changa, lakini zaidi ulikuwa wa kujua kwamba ulikuwepo siku zote, jirani yangu, mkononi mwa mama yangu, na kwamba mimi nimefika miaka kumi na saba bila kuujua. Nilikasirika huku natafuna. Nikaenda dirishani nikawaita wenzangu wanane waliokuwa wakiosha masufuria.

"Njooni mle mlichookota," nikawaambia.

Wawili walikataa, wakasali kidogo, wakaja. Tulikula kwa kupokezana, tukipakaa mafuta hadi viwikoni, na yule aliyekuwa mnyenyekevu kuliko wote, binti wa katekista, ndiye aliyefuta beseni kwa kipande cha ndizi ya kuchemsha. Waliponiachia beseni nililifunika tena kwa jani vizuri kabisa.

Mwenyekiti alipomaliza nyama ya mbuzi aliuliza kwa sauti yake kubwa wako wapi wale wadogo zake. Mpishi aliingia stoo kulichukua beseni, akalitua mezani kwa heshima zote, akafunua. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mwalimu wa nidhamu alinigeukia.

"Nani?"

"Shikamoo mwalimu. Ni mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi."

Hapo watu husema nilikuwa na moyo wa kuwaficha wenzangu. Labda. Ila ukweli mwingine ni kwamba wazo lilikuwa langu na sikuona sababu ya kuwagawia.

Jumatatu asubuhi nilipewa barua yenye mhuri nikaambiwa nirudi na mzazi siku ya tatu. Bahasha haikubandikwa vizuri. Nilipofika Igurwa nilikuwa nimeshaisoma mara nne. Ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mzima, na mwalimu alikuwa ameyatumia maneno yangu yote sita. Alikuwa ameyapanga kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Nilijisikia vibaya kwa kiasi fulani na, Mungu anisamehe, nilijisikia pia kama mtu aliyemwazima jirani jembe akaliona likilima shamba lake mwenyewe.

Baba alikuwa ametoka kulima. Alinawa, akaketi kwenye kigoda chake, akanipa barua niisome, maana hakuna mwingine nyumbani aliyejua Kiingereza. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kumwambia shule inaomba wazazi waje kufyeka uwanja. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Nilimsomea ilivyo. Kila neno nililitafsiri kwa Kinyarwanda kadiri nilivyoweza, hata lile ambalo mwalimu alisema tusilitafsiri. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Wamesema umeiba?" akauliza.

"Hapana."

"Umemtukana mtu?"

"Hapana, baba."

"Sasa maneno yote hayo ni ya nini?"

"Yote yanasema kitu kimoja. Kwamba nimeshindwa kujizuia."

"Kitu kimoja kinasemwa mara sita?"

"Ndivyo Kiingereza cha mwalimu kilivyo."

Baba alitikisa kichwa polepole. Mama akauliza kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo, "Hao senene, walikuwaje?" Baba akamtazama, naye akarudi jikoni. Usiku ule hakuna aliyekula vizuri. Nilimsikia baba akigeuka kitandani mara nyingi, na kila akigeuka nilijua anachokifikiria: mlango wa ofisi na viatu.

Siku ya tatu tulitembea tangu alfajiri, baba mbele, mimi nyuma. Alikuwa amevaa koti la Jumapili. Kwenye ofisi ya mkuu wa shule alivua kandambili zake akaziweka pembeni ya mlango, zikitazama nje. Ndani walikuwamo mkuu wa shule, mwalimu wa nidhamu na mwenyekiti mwenyewe, ambaye baba aliwahi kumlimia kahawa yake misimu miwili. Walikuwa rika moja, pengine baba ndiye mkubwa. Baba alimwinamia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," mwenyekiti akajibu bila kusita.

Niwe mkweli: walichokitaka kilikuwa kidogo. Nimewahi kuona wenzangu wakifukuzwa kwa makosa madogo kuliko langu. Walikuwa wameandaa karatasi moja. Kwenye paredi ya asubuhi ningepiga magoti mbele ya mwenyekiti na shule nzima, nikasoma sentensi sita za Kiingereza, kila moja ikianza na mimi na kumalizikia kwa moja ya yale maneno, halafu niombe msamaha kwa kushindwa kujizuia. Baada ya hapo ningeng'oa visiki wiki mbili, nikaendelea na masomo, nikafanya mtihani wa kidato cha nne pamoja na wenzangu.

Mkuu wa shule alimweleza baba kwa Kiswahili chepesi. Uso wa baba ulifunguka. "Atasoma, waitu," alisema, kwa neno la heshima la Wanyambo. "Atasoma hata mara mbili." Na kabla sijajua anachofanya, alipiga magoti yeye mwenyewe, pale kwenye sakafu ya simenti, koti la Jumapili likakunjamana, akaanza kumshukuru mwenyekiti kwa mikono miwili.

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Niliisoma yote. Sauti ilipotoka haikuwa nzuri kama ninavyoikumbuka ninapowasimulia wanangu.

"Naomba kusema," nikasema. "Niliwala. Mgeni alikosa chakula chake na kwa hilo naomba radhi. Kesho alfajiri nitamwokotea wengine, mabeseni mawili, nitawanyonyoa mwenyewe. Visiki nitang'oa. Lakini hii siisomi. Hii inasema nilishindwa kujizuia. Sikushindwa. Sikujaribu. Nilikaa na beseni karibu saa nzima, nikafikiri, nikaamua kula."

Mwalimu wa nidhamu alimgeukia mkuu wa shule akainua mikono. "Mnaona? Hata hapa hana breki."

Mwenyekiti hakuwa na hasira, hilo nalikumbuka. Alionekana mtu aliyechoka, anayetaka jambo liishe. "Mwambie mwanao, bwana," alimwambia baba.

Baba aligeuza uso akiwa bado chini. Akasema nami kwa Kinyarwanda, taratibu, kama anavyosema na mtu aliyepanda mti mrefu. "Mwana wanjye, ni maneno tu."

"Kama ni maneno tu, baba, mbona wanayataka kuliko senene?"

Baba akasema, "Ukitoka hapa hakuna shule nyingine."

"Najua."

"Unajua kweli?"

"Najua, baba. Naomba usimame."

Hakuna mtoto wa kwetu anayemwambia baba yake asimame. Niliona neno langu likimfika, nikaona pia kwamba hakulipenda. Alitazama miguu ya meza. Kisha akashika ukingo wa meza ya mkuu wa shule, akajiinua kidogo kidogo, akafuta magoti kwa kiganja.

"Amekataa," aliwaambia kwa Kiswahili chake. "Na mimi siwezi kumsomea."

Barua ya kunifukuza iliandikwa hapo hapo. Ilikuwa ya mistari miwili, na maneno yote yalikuwa ya kawaida.

Watu wenye akili wameniuliza: shule nzima, kwa beseni la wadudu? Binti wa katekista, yule aliyefuta beseni, alifaulu akawa muuguzi, na aliponiona sokoni miaka ya tisini alinishika mikono yote miwili akasema, "Ungesoma tu ile karatasi, dada. Nani angekumbuka?" Mimi ningekumbuka. Nilikumbuka nikipalilia kahawa ya watu, nilikumbuka nikimnyonyesha mtoto wangu wa kwanza chini ya taa ya kibatari huku nimefungua kitabu magotini, na nilikumbuka nilipoufanya mtihani ule kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtu mzima kati ya watoto. Nilifaulu. Sikufaulu vizuri sana, lakini nilifaulu, na ofisi ya kwanza niliyoingia nikiwa nimeajiriwa niliingia na viatu, baba akiwa ameshazikwa mwaka wa pili. Hilo linauma na sitajifanya haliumi. Ila wanaonitaka niseme najuta wasubiri wakiwa wameketi, maana watachoka.

Siku ile tulirudi kama tulivyokuja, yeye mbele, mimi nyuma na sanduku langu la bati kichwani. Ilikuwa saa za watu kutoka sokoni, barabara imejaa akina mama na mizigo yao. Tulipofika kwenye mteremko baba alisimama. Nilidhani anataka kunipokea sanduku. Nilipomfikia niliona machozi yanamtoka. Kisha sauti nayo ikatoka, sauti ambayo sikujua baba yangu anayo, akalia pale pale katikati ya njia na koti lake la Jumapili. Hakugeukia migombani. Hakujifuta. Alilia mambo yote, shule na viatu na ile simenti, na mimi ndiye niliyemfikisha pale.

Neno la kuomba msamaha lilinifika mdomoni. Kama ningelitoa angenyamaza, najua, angenyamaza na kunisamehe papo hapo, tungegeuka turudi kuwaomba, na labda wangekubali. Nikalimeza. Katika maisha yangu yote hakuna kitu nilichokizuia kwa nguvu kama kile. Nilitua sanduku nikasimama kando yake.

Mama mmoja alipita na mkungu kichwani. Alimtazama baba, akapunguza mwendo, akasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama," baba akamjibu, uso wote umelowa, na akaendelea kulia.